Matundu manne na mpira uliokaa siku 34

Juzi usiku, kama saa nne hivi, nilipigiwa simu na kijana nisiyemfahamu. Namba yangu alipewa na mwalimu mwenzangu. Dada yake, mama wa watoto wawili, ameonekana ana uvimbe, kama niliokuwa nao mimi, kwenye mkia wa kongosho, kile kiungo cha nyuma ya tumbo kinachotoa juisi ya kusaga chakula, na ukoo umeshaanza kuchanga. Alipomaliza kuniamkia shikamoo akaniuliza: "Eti dada, wewe walikufanyia ya matundu au walikupasua?"

Nilicheka, maana ndilo swali nililozunguka nalo mimi mwaka 2023: wapitishe kamera na vifaa kwenye matundu madogo ya tumbo, au walifungue tumbo kwa mkato mrefu? Nililiuliza kwa kila daktari. Nikamwambia ngoja nikuandikie, kwa simu tutakesha.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, sekondari, Tanga. Karibu mwaka na nusu nilitibiwa vidonda vya tumbo. Nilimeza dozi ya bakteria wa tumbo mara mbili, nikaacha pilipili, nikaacha maharage, nikaacha hata chai ya maziwa, na bado kitu kilikuwa kinanikaba juu ya kitovu upande wa kushoto na kuchoma hadi mgongoni. Kosa langu la kwanza ni hilo: kumeza dozi ya pili ya ugonjwa uleule bila mtu kunipiga picha. Utrasaundi niliiomba mwenyewe, nikailipia mwenyewe. Ikaonyesha donge la sentimita sita. CT scan niliyokwenda kupiga Dar ikasema lipo kwenye mkia wa kongosho, lina ganda lake, ndani nusu nyama nusu majimaji.

Daktari bingwa aliyesoma zile picha hakunitisha. Aliniambia kwa mwanamke wa miaka 31, donge la namna ile huenda ni uvimbe wa Frantz. Jina limetokana na Virginia Frantz, daktari wa Marekani aliyeuandika mwaka 1959. Huwapata zaidi wanawake vijana, unahesabiwa katika jamii ya saratani lakini ni mpole, na ukitolewa wote wengi hupona moja kwa moja. Dawa yake ni kisu. Akaniambia pia kwamba kukata mkia wa kongosho kunafanyika hapa nchini, kwa kufungua tumbo.

Hapo ndipo nilipokwama. Sikutaka kufunguliwa. Shangazi yangu ana kovu la kutoka kifuani hadi chini ya kitovu, na nilikua nikiliona. Mtandaoni nilikuwa nimeshatazama video za watu wanaotembea siku ya pili wakiwa na plasta ndogo nne tumboni. Nikasema nataka hiyo. Mume wangu akaniunga mkono, tukampata wakala wa kupeleka wagonjwa India, na wakala akaleta makadirio ya ukurasa mmoja: dola 6,800, kulazwa siku sita, kurudi nyumbani ndani ya wiki tatu. Tuliuza kiwanja cha Pongwe. Michango ya familia na ya shule ikajazia.

Ule ukurasa mmoja ningeusoma leo kama ninavyosahihisha mtihani. Haukutaja stepla, zile mashine za kubana na kukata kongosho, ambazo kila kasha moja la pini zake lina bei yake. Haukusema chochote kuhusu ICU, yaani wodi ya mahututi, wala kipimo cha nyama baada ya upasuaji, wala ingekuwaje kama wangeanza na matundu wakalazimika kufungua. Zaidi ya yote haukuwa na mstari unaosema: mambo yakiharibika kidogo, je? Tiketi za kurudi zilikuwa za bei nafuu, zile zisizobadilishwa. Mimi na mama tukaondoka na masanduku mawili, unga wa ugali kilo tano na imani.

Daktari wa upasuaji kule Chennai, India, alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye haraka. Nilimuuliza lile swali langu. Badala ya kujibu aligeuza karatasi ya dawa, akachora kongosho kama samaki aliyelala, kichwa kulia, mkia umeegemea wengu (bandama). Akapiga mstari katikati ya samaki. "Nikifungua, nitakata hapa. Nikipita kwenye matundu, nitakata hapahapa. Matundu ni mlango tu."

Akanieleza utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2019, wagonjwa 108 katika hospitali 14, wote wa kukatwa mkia wa kongosho. Nusu matundu, nusu kufunguliwa, na mgonjwa hakuambiwa kafanyiwa ipi: wote walifungwa bandeji kubwa tumbo zima ili wasijue. Waliopita kwenye matundu walifikia hali ya kujitegemea kwa siku 4, wenzao siku 6. Damu iliyopotea ilikuwa ndogo. Ila kwenye kongosho kuvuja, ambalo ndilo balaa kuu la upasuaji huu, matundu hayakusaidia: ilivuja kiasi cha kuleta taabu kwa watu 39 katika kila 100 wa matundu, na 23 kwa waliofunguliwa. Tofauti hiyo, alisema, inaweza kuwa bahati tu kwa idadi ndogo ile, lakini asije mtu akakudanganya kwamba tundu dogo linazuia kuvuja.

Mimi ni mtu wa hesabu. Nilielewa. Nilielewa na bado sikuamini kwamba nami nimo katika wale 39.

(Kama ndugu yako ana uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, usichukue maneno yangu haya ukayahamishia huko. Kule wanakata na kuunga upya mrija wa nyongo, utumbo na tumbo. Waholanzi haohao walijaribu kulinganisha, wakasimamisha utafiti kabla ya wakati kwa sababu wagonjwa 5 kati ya 50 wa matundu walikufa kwa matatizo ya upasuaji, dhidi ya 1 kati ya 49 wa kufunguliwa. Kwa kichwa cha kongosho, tafuta kwanza mikono iliyozoea. Njia iwe ya pili.)

Kabla sijasaini fomu daktari akasema jambo jingine, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa: wengu imelala juu ya mkia wa kongosho, atajaribu kuiacha, ila ikishikana na uvimbe itatoka nayo. Nikasema sawa. Sikuuliza maisha ya mtu asiye na wengu yakoje. Upasuaji ulikuwa kesho yake asubuhi.

Nilizinduka na nusu kaputi nikiwa natetemeka kwa baridi. Walikuwa ndani kwa muda wa saa tano na nusu. Wengu imetoka. Kitu cha kwanza kilichoniuma hakikuwa tumbo, kilikuwa bega la kushoto, na nilishawishika kwamba wameniangusha. Kumbe ni ile hewa wanayojazia tumbo ili wapate nafasi ya kuona. Inayobaki hukera kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na maumivu yakajitokeza begani. Hakuna aliyenionya. Kutembea ndiko kulikoyaondoa, siku ya tatu yakawa yameisha.

Kitu cha pili sikukiona kwenye video yoyote. Donge la sentimita sita halipiti kwenye tundu la kalamu. Walilitumbukiza kwenye mfuko, kisha wakalitoa kwa mkato wa chini, pale wanapokatwa wanaojifungua kwa upasuaji. Kwa hiyo nilikuwa na matundu manne, mkato mmoja, na ubavuni mpira mwembamba unaomwaga majimaji kwenye kichupa. Mama aliponifunua shuka alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, halafu akanitazama kama anayemtazama muuza duka aliyempunja chenji.

Usiku ule wa kwanza sista wa zamu alikuja akainama akaniuliza kwa Kitamil, "Vali? Vali irukka?" Mimi nikasikia wali. Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu jana yake. Nikatikisa kichwa kwa nguvu zote: ndiyo, wali, nataka wali! Akaondoka mbio, akarudi na sindano. Vali kwao ni maumivu. Asubuhi mkalimani alipotueleza, mama alicheka hadi akakaa chini, na mimi nikagundua kwamba mtu mwenye mkato tumboni hapaswi kuchekeshwa. Ushauri wa bure: weka mto tumboni, ukumbatie, ndipo ucheke au ukohoe.

Walinipa pia kidude cha plastiki chenye mipira mitatu ya rangi, cha kufungua mapafu ili nisipate nimonia. Siku nzima nilikipuliza kwa bidii, mipira haikunyanyuka, nikadhani nimeisha. Jioni sista akaninyang'anya, akaonyesha kwa mdomo wake: hakipulizwi, kinavutwa. Mpira wa kwanza ukapanda. Mambo madogo kama haya ndiyo nusu ya kupona, na mgonjwa aliyelala ugenini haulizi kwa sababu anaona haya.

Siku ya tatu walipima yale majimaji ya kwenye kichupa. Wanatafuta amilesi, kimeng'enya cha kongosho. Kikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu, kongosho linavuja. Kiwango cha damu ni kama 100. Changu kilikuwa 4,300.

Daktari akatamka kwa Kiingereza chake cha haraka neno moja ambalo mama alilielewa: fistula. Mama yangu ni mkunga mstaafu. Alishika mdomo. Kwetu fistula ni ile ya uzazi, mwanamke anayevuja mkojo na kutengwa na watu. Ilibidi nimweleze mara tatu kwamba hii ni nyingine, ni kidonda cha kongosho kinachochuruzika, na kwamba kwa kawaida hujifunga chenyewe mradi kile kinachovuja kipate njia ya kutoka. Njia ya kutoka ndiyo ule mpira. Nilikuwa nauchukia mpaka siku ile.

Siku ya sita niliruhusiwa, mpira ubavuni, kwenda kwenye nyumba ya wageni ya rupia 1,400 kwa siku. Makadirio yangu yakakoma hapo. Mwili haukukoma.

Jirani yetu pale alikuwa mzee wa Kikenya kutoka Nakuru, aliyekatwa kipande cha ini kwa matundu, baada ya saratani ya utumbo mpana kurukia huko. Siku ya nne alikuwa anapanda ngazi. Wiki ya pili akatuaga. Nilimwonea wivu wa kweli, ule wa kumnunia mtu bila kosa. Baadaye nilikuja kusoma kuhusu utafiti wa Oslo wa mwaka 2018, wagonjwa 280 wa aina yake: waliokatwa ini kwa matundu walilala hospitali saa 53, waliofunguliwa saa 96, na matatizo yalikuwa asilimia 19 dhidi ya 31. Ini ni kiungo chenye huruma, ukikata kipande hujazia. Kongosho halijazii, na juisi yake imeumbwa kusaga nyama. Usijipime na mgonjwa wa kitanda cha jirani kabla hujajua kakatwa nini.

Siku ya kumi na moja niliamka na homa, jasho, na majimaji ya kwenye kichupa yamebadilika. Yalikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Sasa yalikuwa rangi ya matope, yananuka. Nilitaka kusubiri hadi siku ya kliniki, keshokutwa. Ni mama aliyesema hapana, akaita bajaji. Walinirudisha wodini siku nne, dawa za kuua vijidudu kwa dripu, CT scan nyingine. Dimbwi dogo la usaha lilikuwa linaanza. Daktari alisema ningekaa hizo siku mbili tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Kwa hiyo andika hili mahali: kila asubuhi pima ulichomwaga kwenye kichupa, andika kiasi, andika rangi. Mimi nilikuwa na daftari la hesabu la mraba, na lile daftari ndilo daktari alilokuwa akiliomba kwanza kabla ya kunigusa. Rangi ikibadilika, joto likipanda, nenda saa hiyohiyo.

Mpira ulitolewa siku ya 34. Ulitoka kama kamba ya kiatu, sekunde tatu, na nikalia kwa sauti bila maumivu yoyote. Bili ya hospitali ilifika dola 9,450. Nyumba, chakula, dawa na tiketi mpya mbili vilikula nyingine 2,600 na kitu. Viza ya matibabu tuliyoipata mtandaoni ilikuwa ya siku 60, tulibakiwa na siku kumi na tatu. Mume wangu alikopa kwenye chama cha walimu, na mkopo huo tunaulipa hadi leo ninapoandika. Je, ningefunguliwa Dar ningekuwa wapi? Huenda ningevuja vilevile. Ila ningevuja kilomita mia tatu na kitu kutoka kwa mwanangu, wala si ng'ambo ya bahari. Sijutii donge kutoka, majibu ya nyama yalikuwa uvimbe wa Frantz kweli na kingo zote safi. Ninachojutia ni kuchagua njia kwa ajili ya kovu.

Nyumbani yale makovu yalinigeukia. Watu walikuja kunipa pole, wakaona natembea, wakaona plasta ndogo. "Mbona mzima!" Wifi yangu, simlaumu, wiki ya saba alinisukumia ndoo ya lita ishirini nimsogezee, nikaibeba kwa aibu ya kuonekana nadeka. Kitu kikavuta chini ya kitovu hadi nikakaa. Haikuwa ngiri, lakini nilikwenda kupigwa utrasaundi kwa hofu. Aliyepasuliwa kwa kovu refu hakuna anayempa ndoo. Wa matundu lazima ajisemee. Mimi siku hizi nasema: nje wameniachia matundu, ndani nimekatwa nusu ya kongosho.

Kuna vidonge vya kusaidia kusaga chakula. Nilivimeza nusu saa kabla ya kula, kwa mazoea ya dawa za vidonda vya tumbo, na choo kikaendelea kuelea chenye mafuta, na kilo zikashuka kutoka 61 hadi 52. Vinamezwa na tonge, si kabla. Nilipogundua hilo, ndani ya wiki mbili choo kilitulia. Sukari napima kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu mkia wa kongosho ndiko viliko vingi kati ya vichembe vinavyotengeneza insulini. Mpaka sasa iko sawa.

Sasa wengu. Hapa ndipo ninapomsihi yule kijana. Wengu ndiyo inayochuja vijidudu vya aina fulani kwenye damu, na vimelea vya malaria. Asiye nayo akipata homa anaweza kuzidiwa kwa saa chache tu. Chanjo zake ni tatu: ya kimelea cha nimonia, ya homa ya uti wa mgongo, na ile ya Hib ambayo watoto wanapewa kliniki. Zinatakiwa zidungwe angalau siku 14 kabla ya upasuaji, mwili upate muda wa kujiandaa wengu ikiwa bado ipo. Mimi nilidungwa baada, siku ya kumi na tano, Chennai, kwa sababu hakuna aliyefikiria mapema, nami sikuuliza. Za mtu mzima nilizitafuta Tanga kwa ajili ya marudio, sikuzipata, nikazifuata Dar. Nameza penisilini asubuhi na jioni, nalala kwenye chandarua kila siku ya Mungu, na mbwa wa jirani namkwepa, kwani hata kung'atwa na mbwa kwa mtu kama mimi ni hatari.

Desemba ile tulikwenda Muheza kwa wakwe. Usiku wa pili nikapata homa, thelathini na tisa nukta moja. Mama mkwe, kwa huruma zake, akamtuma mtoto duka la dawa. Yule kaka wa dukani akaleta mseto. "Mama, ni malaria tu hiyo, msimu wake. Meza, asubuhi utakuwa umeamka." Nilikuwa nimechoka, giza, mvua, na kila mtu ananitazama kama mtu anayependa hospitali. Nikatoa kwenye pochi kadi niliyoandikiwa, SINA WENGU, kwa Kiswahili na Kiingereza, nikampa mume wangu. Hakubishana na mtu. Akatoa pikipiki ya mdogo wake.

Kipimo cha malaria kilikuwa safi. Daktari wa zamu, binti mdogo kabisa, alisoma ile kadi mara mbili, hakungoja majibu mengine, akanidunga sindano ya kuua vijidudu papo hapo kisha ndipo akaanza kuuliza maswali. Nililala pale siku tatu. Mama mkwe alikuja asubuhi na uji wa muhogo, akakaa kitandani miguuni kwangu, akasema, "Mwanangu, mimi nilijua umeshapona."

Hayo ndiyo niliyomtumia yule kijana, pamoja na maswali ya kumuuliza daktari: makongosho mangapi anakata kwa mwaka, likivuja nani atanihudumia na kwa bei ipi, mpira ukibaki mwezi nitalala wapi. Alisoma, akanipigia tena jana jioni.

"Nimekuelewa dada. Sasa tumpeleke ya matundu au ya kupasua?"

Nikamuuliza upasuaji wenyewe lini. Akasema wiki tatu zijazo. Nikamwambia basi kesho asubuhi wakatafute chanjo.